UTUMBO UOKOLEWE KABLA YA KUPANDIKIZWA

Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, kwa ushirikiano na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiana na wataalamu kutoka Japani. Tangu hapo wananchi wengi wamekuwa wakiuliza: ini, kongosho na utumbo navyo vitapandikizwa lini? Ni swali la haki, maana taifa lisilouliza halisogei. Lakini jibu lake lisitafutwe Dar es Salaam na Dodoma peke yake. Sisi tunashauri litafutwe pia Mbeya na Iringa, na tutaeleza kwa nini jibu hilo linawahusu ndugu zetu wa Unguja na Pemba sawasawa na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Upandikizaji wa figo uliofanikiwa kwa mara ya kwanza ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, baina ya ndugu mapacha wa kufanana, ambao miili yao haikukataana. Mwaka 1963 daktari Thomas Starzl alijaribu ini huko Denver. Mwaka 1967 Richard Lillehei alijaribu utumbo huko Minnesota. Mwaka 1987 Starzl na wenzake wa Pittsburgh walimpandikiza mtoto mmoja viungo kadhaa vya tumbo kwa pamoja, akaishi miezi kadhaa. Majaribio ya mwanzo ya utumbo yaliishia katika vifo, kwa kuwa dawa za kutuliza kinga ya mwili zilikuwa bado dhaifu. Mabadiliko yaliletwa na dawa ya saiklosporini, iliyoenea katika miaka ya 1980, kisha na dawa ya takrolimusi, ambayo asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani mwaka 1984.

Hata hivyo utumbo umebaki kuwa kiungo kigumu kuliko figo. Sababu zake haziko mbali. Utumbo umejaa askari wa kinga ya mwili, hivyo ukihamishwa huingia katika mwili wa mwenyeji pamoja na jeshi lake. Aidha, ndani yake mna vijidudu visivyohesabika ambavyo hupenya na kuingia katika damu pindi ukuta wake unapolegea. Juu ya hayo, figo iliyohifadhiwa katika baridi huweza kusubiri kiasi cha siku nzima, ilhali utumbo husubiri saa chache tu. Ndiyo maana katika mwaka 2022 figo zilizopandikizwa duniani zilizidi 100,000, na tumbo ndogo zilizopandikizwa hazikufika 200. Hata katika nchi tajiri, takriban nusu ya tumbo hizo huwa zimekwisha shindwa kufanya kazi ifikapo mwaka wa tano.

Somo tunalolipata hapa ni kwamba mtu aliyepoteza utumbo wake amepoteza kitu ambacho dunia nzima, pamoja na fedha zake zote, inakirudisha kwa taabu kubwa. Upandikizaji wa utumbo haujafanyika nchini mwetu, na mgonjwa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo hana budi kulishwa kwa kupitia mshipa wa damu kila siku, jambo ambalo familia nyingi haziwezi kulibeba hata kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo kwa Mtanzania wa leo utumbo hauna akiba. Sera ya kwanza ya utumbo ni kuuokoa ule alionao.

Na hapo ndipo tunapofika Mbeya na Iringa. Utumbo wa mkulima hauozi kwa maradhi ya ajabu. Huoza kwa ngiri aliyoivumilia miaka mingi, hata siku moja ikakwama akiwa amebeba gunia. Huoza kwa kujisokota, maradhi ambayo madaktari wa Afrika Mashariki huyakuta mara kwa mara. Hutoboka kwa homa ya matumbo, inayoletwa na maji machafu. Maradhi hayo yote yanajulikana, na upasuaji wake si wa miujiza. Yanachodai ni saa. Utumbo uliojisokota huanza kufa katika saa chache baada ya damu kuzuiwa. Sasa mgonjwa yuko katika milima ya Rungwe, au Chunya, au Kilolo, au bonde la Mufindi wakati wa masika. Atabebwa mpaka barabarani, atangoje gari, afike zahanati, apewe barua ya rufaa, aanze safari ya pili. Akifikishwa mezani, kilichokuwa kazi ya kunyoosha utumbo kimekuwa kazi ya kuukata.

Tusisahau kuwa ilikuwa mjini Iringa, mwaka 1972, ambako TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mkulima yule aliyehimizwa kulima ndiye anayelisha miji yetu mpaka leo. Mchele wa Mbeya huvuka bahari ukapikwa Unguja. Hatuwezi kumsifu kwa mavuno yake na kumwacha afe kwa ngiri.

Serikali imefanya mengi, na si haki kuyanyamazia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 uliweka shabaha ya zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Baada yake vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji ili kuokoa wazazi na watoto wachanga. Tunasema: vyumba hivyo ni mtaji wa taifa. Meza inayomwokoa mzazi inaweza kumwokoa pia mwenye ngiri iliyokwama, mradi pawe na daktari aliyefunzwa, mtaalamu wa usingizi, damu salama, oksijeni na umeme usiokatika. Jengo bila ya watu hao ni ghala. Kiongozi anayekata utepe hana budi kurudi baada ya miezi sita kuuliza ni wagonjwa wangapi wamepasuliwa, na ni wangapi wamepelekwa mbele, na kwa nini.

Upande wa figo nao una funzo lake. Upasuaji wa kupandikiza humalizika kwa siku moja, lakini dawa za kutuliza kinga ya mwili humezwa kila siku, maisha yote ya kiungo hicho. Mgonjwa akizikosa kwa wiki chache, mwili huweza kuikataa figo, na zawadi ya ndugu yake ikapotea bure. Mtu wa Iringa hana budi kusafiri kiasi cha kilomita 260 kufika Dodoma. Mtu wa Mbeya humpita huyo wa Iringa kwanza, kwa safari ya zaidi ya kilomita 300, ndipo aanze hiyo ya Dodoma. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, inayotazamwa na mikoa ya kusini magharibi, haina budi kuwa mahali ambapo mgonjwa aliyekwisha pandikizwa hupimwa damu yake na kuchukua dawa zake, asilazimike kuuza shamba kwa ajili ya nauli.

Wananchi wa Visiwani wanalielewa jambo hili bila ya kufafanuliwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tiba ilitangazwa kuwa haki ya kila mtu, wala si ya tabaka moja. Lakini mtu wa Micheweni anayehitaji mtaalamu wa Muhimbili huvuka bahari mara mbili. Mlima wa mmoja ni bahari ya mwenzake. Kinachofaa Kilolo ndicho kinachofaa Micheweni: upasuaji wa dharura uwe karibu, na dawa za kudumu zimfuate mgonjwa alipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kwa upande wa Bara, na Mfuko wa Huduma za Afya kwa upande wa Zanzibar, zipimwe kwa kipimo hicho.

Limebaki suala la heshima ya mwili wa binadamu. Wapo wanaouliza kama dini inaruhusu. Februari 1988 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika mkutano wao wa Jeddah, waliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo kwa ajili ya mwenzake endapo mtoaji hataangamia kwa kukitoa, na wakakataza katakata kiungo kuuzwa. Msimamo huo unakubaliana na siasa yetu: utu hauwekwi sokoni. Jirani zetu wametuonyesha pande zote mbili. Uganda ilijiwekea sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na Desemba ya mwaka huo Mulago ikapandikiza figo ya kwanza. Nchini Kenya, mwaka 2025, wizara ya afya ililazimika kusimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kufuatia tuhuma za biashara ya viungo. Siku zote katika biashara ya namna hiyo muuzaji ni mnyonge na mnunuzi ni mwenye nazo. Vijana wetu wasije wakageuzwa ghala la vipuri. Wizara za afya za pande zote mbili za Muungano zisimamie jambo hili kwa sheria iliyo wazi na adhabu iliyo kali, kabla dalali hajafika kijijini.

Hatupingi ndoto kubwa. Ipo siku daktari wa Kitanzania atapandikiza ini, na baada yake utumbo, na siku hiyo tutashangilia pamoja na wengine. Lakini waliotangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ngiri isiyopasuliwa mapema, maji yasiyochemshwa, gari la wagonjwa lisilo na mafuta na dawa isiyofika. Watendaji wa mikoa ya Mbeya na Iringa, na wenzao wa Unguja na Pemba, waanze na huo.