Marburg Haifundishwi kwa Ubao Mtupu

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wazazi, na hata kwa baadhi ya wakufunzi wa afya hapa Kagera: mwanafunzi mwenye simu anachezea masomo, mwenye daftari lililojaa ndiye anayesoma. Imani hii ni ya hatari, na mkoa wetu una sababu kubwa kuliko mingine ya kuikataa.

Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulizuka Bukoba Vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Mgonjwa wa kwanza alitokea kisiwa cha Goziba, Muleba. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha Juni 2, watu 9 walikuwa wameugua, 6 wakafariki. Wawili kati ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Januari 2025 ugonjwa huo ukaibuka tena, safari hii Biharamulo.

Kwa ugonjwa kama huu, kuvua vifaa vya kujikinga ni kazi ya hatari kuliko kuvivaa. Chukua glavu tu: ya kwanza unaishika kwa nje karibu na kifundo cha mkono, unaivuta mpaka igeuke ndani nje. Ya pili unaingiza kidole kitupu kwa ndani, unaisukuma itoke bila kugusa upande mchafu. Kisha unanawa. Yaandike hayo ubaoni: wanafunzi watayanakili bila kosa na kuyakosea mikononi. Video inaonyesha vidole, inasimamishwa, inarudiwa usiku bwenini.

Wataishia TikTok? Wapo watakaoishia huko. Daftari nalo halijawahi kumzuia mtu kusinzia darasani. Bando ni ghali na umeme hukatika? Kweli kabisa. Basi mkufunzi achague video, aipakue mara moja, aigawe kwa flashi. Kazi hiyo haihitaji intaneti ya kila siku.

Wanaodhani video itaziba pengo la wakufunzi nao wamepotea. Video haimwoni mwanafunzi anayejikuna pua akiwa na glavu chafu. Mkufunzi anamwona, anamsimamisha, anamrudisha mwanzo. Hiyo ndiyo kazi yake, na haiwezekani saa nzima ikiliwa na kusomea watu notisi.

Wakuu wa vyuo, pigeni marufuku simu mbele ya mgonjwa, maana siri yake si ya kupigwa picha. Lakini kwenye chumba cha mazoezi iruhusuni, kisha mtahini mikono kabla ya madaftari. Anayeshindwa kuvua glavu asiende wodini, hata awe na maandishi mazuri namna gani.