Mzee wa Miaka Kumi na Tisa: Mmisionari Kijana na Kiswahili cha Mlangoni

Katika mitaa mingi ya Nairobi, na hata katika miji midogo ya magharibi mwa Kenya, si ajabu kuwaona vijana wawili wakipita vumbini kwa miguu, mashati yao yamepigwa pasi, tai shingoni, beji nyeusi ya jina kifuani. Mmoja aghalabu ni Mzungu kutoka Utah au Idaho. Mwenzake huenda akawa Mkenya, Mganda au Mkongomani. Watu huwatazama, wakatabasamu, wakaendelea na shughuli zao. Wachache huuliza hao ni nani. Wachache zaidi huuliza wanaishije. Na ni nadra, hata katika idara za Kiswahili ambako swali hilo lingetarajiwa, kumsikia mtu akiuliza wanazungumza lugha gani, na nani, na kwa mafanikio gani. Swali hili la mwisho ndilo linalostahili kujadiliwa, kwa kuwa linafichua mengi kumhusu mgeni, na mengi zaidi kumhusu mwenyeji wake.

Vijana hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoasisiwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Wengi huwaita Wamormoni, ingawa mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa hilo wakati huo, aliwasihi watu walitumie jina kamili. Kanisa lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na misheni ya Nairobi ikaanzishwa mwaka huohuo. Kuchelewa huko kuna historia yake. Hadi Juni 1978 kanisa hili halikuwapa wanaume Weusi ukuhani, na jambo hilo humfuata kijana mlangoni ijapokuwa lilitendeka kabla ya yeye kuzaliwa. Mwenyeji aliyesoma akimwuliza, hana budi kujibu. Na hujibu kwa lugha ambayo ingali inamtoa jasho.

Maisha yao ni ya nidhamu ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu hangeivumilia kwa muhula mmoja. Kijana wa kiume hutumikia miaka 2, wa kike miezi 18. Mnamo Oktoba 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka miaka 19 hadi 18 na wasichana kutoka 21 hadi 19. Kijana hachagui aendako. Barua ya wito ndiyo humwambia. Ratiba waliyoizoea wengi wao huwaamsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuwalaza saa nne na nusu usiku, na katikati yake mna sala, mazoezi ya viungo, kusoma maandiko, kujifunza lugha na kutembea, kutembea, kutembea. Haruhusiwi uchumba. Hana mshahara, kijana wa Marekani au jamaa zake ndio huchanga, na kuanzia Julai 2020 mchango huo wa kila mwezi ulipandishwa kutoka dola 400 hadi 500. Hatembei peke yake kamwe. Ana mwenza, ambaye hakumchagua, na ambaye huenda asipatane naye hata kwa namna ya kupika wali. Siku moja kwa wiki hufua nguo, huenda sokoni na kuwaandikia wa nyumbani. Kabla ya Februari 2019 simu kwa wazazi ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu hapo huruhusiwa kila wiki. Badiliko hilo lilistahili kufanywa mapema zaidi. Upweke wa kijana wa miaka kumi na tisa aliyeugua malaria akiwa maili elfu tisa kutoka kwao haumwongezei imani yeyote, na anayeshindwa akarudi nyumbani kabla ya muda hubeba fedheha ambayo hakustahili.

Hapa pana kisa cha istilahi ambacho wanafunzi wa tafsiri wangefaa kukitengea muhadhara mzima. Mmisionari wa kiume huacha jina lake la kwanza nyumbani. Beji yake humwita Elder, kisha jina la ukoo. Katika machapisho ya Kiswahili ya kanisa hilo, cheo hiki kimetafsiriwa Mzee. Msichana ni Dada, na hapo hakuna mgogoro wowote. Lakini Mzee wa miaka kumi na tisa! Mfasiri anaweza kujitetea, na utetezi wake una mashiko: wazee wa kanisa wamo katika Biblia ya Kiswahili, na Wapresbiteri wa Kenya wanao wazee wao, wengi wao wakiwa na mvi za kweli. Aidha, Kiswahili chenyewe hakikulifungia neno hili katika umri. Mlinda maegesho anayetaka shilingi ishirini humwita mzee kijana yeyote mwenye gari, na Wakenya walimwita Mzee rais wao wa kwanza kwa heshima iliyozidi hesabu ya miaka.

Hata hivyo, utetezi huo unasahau jambo moja. Uzee katika jamii ya Waswahili na majirani zao ni heshima ambayo mtu hupewa na wengine, hajitwalii. Mtu akijitambulisha kwa kusema "mimi ni Mzee fulani" huwa ametwaa mwenyewe kile alichopaswa kutunukiwa, na anayemsikia hucheka au huchukizwa, kutegemea jinsi alivyoamka siku hiyo. Wamisionari wengi wamelibaini hili bila kufundishwa, ndipo wakashikilia neno la Kiingereza hata katikati ya sentensi ya Kiswahili. Tena, ajuaye hali ya Tanzania atakumbuka kwamba kijana huyo anayeitwa Mzee akifika penye bibi aliyeketi mkekani hana budi kuinama kidogo na kutamka "shikamoo", kisha asubiri "marahaba". Beji inasema hivi, maamkizi yanasema vile. Ni bahati njema kwamba maamkizi hutangulia.

Lugha yenyewe huanza kufunzwa kabla ya safari. Katika kituo cha mafunzo cha Provo, Utah, kijana anayehitaji lugha ya kigeni hukaa kwa kawaida wiki sita hadi tisa, akifunzwa aghalabu na vijana waliorejea kutoka misheni. Tangu siku za mwanzo hutakiwa asali na kueleza imani yake kwa lugha hiyo mpya. Matokeo yake ni msemaji wa ajabu. Anashuka Nairobi au Dar es Salaam akiwa na toba, ufufuo, ubatizo na agano, lakini hawezi kumwambia konda amshushe kituo kinachofuata, wala hajui dawa ya mswaki inaitwaje. Ana msamiati wa ahera. Wa sokoni hana. Kitabu cha Mormoni, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 2000, hakimsaidii kununua vitunguu.

Anayemkamilisha ni mtaa. Muuza mboga humrekebisha ngeli bila kujua kwamba anafundisha ngeli: kijana husema "kiazi mbili", mama hurudia "viazi viwili" huku akivitia mfukoni. Mtoto wa darasa la pili husikia "Mungu anapenda wewe" akaangua kicheko, kisha akalisema sawasawa, "anakupenda". Kijana huona haya, hurudi chumbani, huandika daftarini, na kesho yake hakosei tena. Kiambishi cha mtendwa, ambacho wahadhiri hukifundisha kwa vielelezo na michoro ya matawi, kimemwingia kwa aibu ya dakika moja. Hakuna kejeli katika kusema hivi. Isimu inaeleza lugha inavyofanya kazi, na maelezo hayo yana thamani yake. Ila ulimi haukupata kulegezwa na mchoro.

Tatizo lipo kwa mtu mzima Mkenya. Kijana amepiga hodi, amekaribishwa, amejikaza kwa sentensi nzima ya Kiswahili aliyoifanyia mazoezi njiani. Mwenyeji anamjibu kwa Kiingereza. Wengine hufanya hivyo kwa ukarimu, wakidhani wanamtua mgeni mzigo. Wengine wanataka tu ajue kwamba nao walikwenda shule. Baada ya miezi michache kijana huacha kujikaza. Mwenzake aliyepangiwa Tanzania hana pa kukimbilia: hujibiwa kwa Kiswahili dukani, kituo cha polisi, hospitalini na msibani, na hurudi kwao akiwa na Kiswahili kinachosimama chenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara hiyo haikufika mlangoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na dawa mkononi, mwenyeji akaikataa akidhani anafanya adabu.

Wapo watakaodai kwamba kumsifu mmisionari kwa kujifunza lugha ni kusahau historia. Hoja hii isipuuzwe. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, akazika mkewe na mwanawe mchanga mwaka huohuo, aliandika sarufi iliyochapishwa mwaka 1850 na kamusi iliyotoka mwaka 1882 baada ya kifo chake. Askofu Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Walikuwa na ajenda yao, na hati za Kirumi walizozieneza zilichangia kuipa kisogo hati ya Kiarabu ambayo Waswahili walikuwa wakiitumia kwa karne kadhaa. Lakini walikaa. W. E. Taylor, kule Mombasa, aliketi na Mwalimu Sikujua, na kutokana na kuketi huko tungo nyingi za Muyaka zilinusurika. Mmisionari kijana wa leo hakai. Miezi ishirini na minne ikiisha huondoka, na hata kabla yake huweza kuhamishwa kila baada ya wiki sita, mara anapoanza kuielewa mizaha ya mtaa. Haandiki kamusi. Kumlinganisha na Krapf ni kumtukuza mno. Kumtwika lawama za Krapf nako ni kumwonea.

Lenye uzito zaidi dhidi yake ni kwamba hufunzwa kusema kuliko kusikia. Mafunzo anayotoa huwa ameyaandaa mapema, na mwisho wake mna mwaliko: asome sura fulani, aje kanisani Jumapili. Mwenyeji hujibu "ndiyo". Kijana hufurahi, huandika jina. Jumapili hakuna mtu. Ndiyo ile haikuwa ahadi, ilikuwa staha. Mswahili hamfungii mgeni mlango usoni, wala hamwambii "sitaki" mtu aliyekunywa maji yake. Humwambia "tutaona", "Mungu akipenda", "nitajitahidi", na anayeijua lugha hufahamu amekwisha kujibiwa. Kijana huhesabu hili kuwa uongo kwa miezi kadhaa, akamsimulia mwenza wake kwa uchungu, hadi siku moja naye anaposhindwa kumkatalia mama mmoja sahani ya pili ya ugali. Hapo ndipo Kiswahili chake huanza.

Kijana Mkenya anayeitwa kutumikia Tanzania hupata somo jingine. Amesoma Kiswahili tangu shule ya msingi na kukifanyia mtihani wa kitaifa. Anaingia mgahawani Dodoma na kusema "nipe chai". Kimya kidogo, kisha chai inaletwa bila tabasamu. Wiki ya pili mtu humnong'oneza kwamba hapa husemwa "naomba chai". Kijana wa Utah hakuwa na la kusahau. Wa Kakamega ana miaka kumi na miwili ya alama nzuri za kufundishwa upya, kwa sababu shule ilimpa sarufi bila kumpa adabu ya lugha. Lolote mtu atakalolifikiria kuhusu dini yake, hili analolipata ni elimu ya Kiswahili ambayo vyuo vikuu vya Kenya haviitoi.

Kuna methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wamisionari hawa hulishika kweli: hupalilia mashamba ya wajane, hubeba maji, husafisha ua wa shule. Lugha ya jembeni huwaingia kuliko ya mimbarini. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili, kwa upande wake, huenda akahitimu miaka minne bila kulala hata usiku mmoja mahali ambapo Kiingereza na Sheng havimwokoi. Akitoka kwenye muhadhara wa fonolojia huagiza chapati na maharagwe kwa lugha nyingine. Mazoezi ya kufundisha amepangiwa. Mazoezi ya kuishi katika lugha ni nadra kupangwa. Makongamano ya vyama vya wanafunzi huwakutanisha Wakenya na Watanzania siku tatu au nne, makala husomwa, picha hupigwa, kila mtu akarudi kwao.

Idara zinaweza kuanza kwa wiki sita, muda uleule wa mmisionari kati ya uhamisho mmoja na mwingine. Wanafunzi wawili wawili, katika nyumba za watu, Vanga au Pate, Tanga au Pemba, wakila kinacholiwa, wakifanya kazi inayofanywa, na jioni wakiandika walichosahihishwa siku hiyo na aliyewasahihisha. Ripoti isomwe idarani na itahiniwe kama karatasi nyingine yoyote. Gharama si kubwa: barua chache kwa wazee wa mitaa, posho ya chakula kwa wenyeji, na nauli ya basi linalotoka Mombasa, likavuka mpaka Lungalunga, likafika Tanga kabla ya jua kutua.