Nembo ya Chuo Kikuu si Pambo

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba nembo ya chuo kikuu ni pambo tupu la barua, na kwamba wasomi wa Meru na Embu wanapoteza wakati kuitafutia maana, amekosea, na kosa lake lina madhara. Nembo hupigwa juu ya shahada, nayo shahada ni ahadi mbele ya umma. Asiyeijua maana yake amekubali mkataba asiousoma.

Katika nembo ya taifa letu, simba wawili wamesimama juu ya Mlima Kenya, na miguuni pao yamo mazao ya wakulima, kahawa na chai zikiwemo: ni ikirari kwamba hadhi ya dola hutokana na jasho la raia. Je, vyuo vilivyojengwa chini ya mlima huohuo vikiri pungufu ya hayo? Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya chuo kikuu mwaka 2013, kimesimama Nchiru juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru; kile cha Embu, kilichopata yake mwaka 2016, kililelewa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wito wake ni umoja na kazi.

Basi kila mwanafunzi mpya na afundishwe nembo ya chuo chake, ajue ni akina nani wanaomdai kwa elimu yake.