Mwenda Tezi na Omo: Mstari Unaozikwa katika Masimulizi ya Safari

Aghalabu mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha za safari huijua sentensi ya mwisho kabla hajaifikia. Familia imekwisha kuwaona simba mbugani, imeogelea baharini, imenyeshewa na kuchomwa na jua. Kisha, kwa mpigo mmoja wa kalamu, wote hurejea nyumbani salama salimini, wakiwa hoi bin taabani. Safari ya kwenda imepewa kurasa mbili, ya kurudi mstari mmoja. Makala haya yanashikilia kwamba mstari huo ni hasara kwa fasihi, na kwamba walimu wenyewe ndio wanaoulea.

Chukua mfano wa familia ya Kimarekani inayosafiri likizo ya kiangazi kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na matangi ya maji. Kurudi kwake huamuliwa na kalenda ya shule, ambazo katika majimbo mengi hufunguliwa mwezi wa Agosti au mara tu baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Katika siku hizo za mwisho hakuna mtoto anayegombania dirisha. Ramani imekunjwa. Baba anapiga hesabu ya petroli, kwani gari la aina hiyo halishibi upesi. Mama anawaza kazi aliyoiacha, na mtoto mkubwa anawaza darasa jipya. Wamekaa majuma kadhaa katika chumba kisicho na pa kununia, na sasa kila mmoja anajua jambo kuhusu mwenzake ambalo hakulijua walipoondoka. Je, kuna nyenzo ya usimulizi iliyo nono kuliko hiyo?

Hata kufika si kikomo. Tangi la maji machafu sharti likamwagwe mahali palipotengwa. Vyakula vilivyosalia hutolewa, mashuka hufuliwa, na katika majimbo ya baridi kali maji yote huondolewa mabombani kabla ya majira kugeuka, yasije yakaganda na kuyapasua. Wahenga wa pwani walilijua hilo waliponena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ndiko maji ya chomboni hujikusanya, na ndiko mabaharia huyateka na kuyamwaga. Methali hiyo haimfikishi msafiri kwenye pumziko tu. Humfikisha pia kwenye kazi.

Kuna suala la lugha vilevile. Familia hiyo imelala nyumbani kila usiku, maana nyumba yao ilikuwa na magurudumu. Wanaposema wanarudi nyumbani, wanarudi wapi? Kiambishi -ni huonyesha mahali, lakini neno "nyumbani" limebeba mengi zaidi ya nyumba: majirani, makaburi, madeni, na watu wanaojua jina la babu. Mwanafunzi anayeandika "wakarejea nyumbani" bila kusita ameliruka swali zito kuliko yote aliyoyagusa.

Waandishi wakubwa hawakuliruka. Mwaka wa 1960 John Steinbeck aliizunguka Marekani kwa gari lenye kijumba mgongoni, akiandamana na mbwa wake Charley, na mwaka wa 1962 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Humo anasimulia kwamba safari ilimfia njiani akiwa bado Virginia, kabla hajafika kwake, na kwamba mwishoni alipotea katika jiji la New York alilolifahamu vyema. Wachunguzi wa baadaye wametilia shaka ukweli wa baadhi ya masimulizi yake. Hata hivyo, ikiwa alibuni, basi uamuzi wa kuufanya mwisho uwe mgumu ulikuwa wake kwa hiari.

Karibu zaidi, Shaaban Robert katika Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka wa 1951, aliwatuma wajumbe sita pande zote. Mashaka ya njiani yalikuwa mengi, lakini msiba wenyewe uliwangoja nyumbani: walirudi na mapendekezo yenye manufaa, wakatiwa gerezani. Lau masimulizi hayo yangekomea kwenye "walirejea salama", hoja yote ya riwaya ingepotea.

Yamkini mtu atapinga kwamba insha ina kikomo cha maneno, na kwamba hata hadithi za kale zina vimalizio vyake. Pingamizi hilo lina uzito, ila halitoshi. Kimalizio cha hadithi hufunga ulimwengu wa kubuni na kumrudisha msikilizaji katika maisha yake. Safari ya kweli haifungwi hivyo, kwa sababu aliyeifunga kesho ataamka katika kitanda kile kile akiwa mtu mwingine. Kuhusu kikomo cha maneno, anayebanwa na apunguze simba.

Wengi wa wasomaji wa jarida hili watasimama mbele ya madarasa, kama hawajasimama tayari. Dawa haihitaji mtalaa mpya. Mwalimu na awape wanafunzi zoezi moja tu: insha ianze pale gari linapogeuka, na maneno "salama salimini" yasitumiwe. Huenda mtoto akaandika kuhusu kimya cha baba yake kwenye usukani. Hapo ndipo atakapokuwa ameanza kuandika fasihi.