Hisa za bei rahisi zina sababu yake

Wachambuzi wa masoko ya hisa hupenda kuzipanga nchi zinazoinukia kiuchumi kama mafungu ya nyanya sokoni: hii ghali, ile rahisi. Mkulima aliyeuza kahawa na kubakiwa na akiba kidogo anaweza kudhani kazi iliyobaki ni kuchukua fungu la bei ndogo.

Kipimo kinachotumika ni uwiano wa bei na faida, na hesabu yake haina uchawi. Ng'ombe wa maziwa anauzwa shilingi milioni 2. Ukishatoa gharama za majani, pumba na daktari, anakuachia laki 2 kwa mwaka. Umelipa faida ya miaka 10, kwa hiyo uwiano ni 10. Jirani akiuza wake mwenye faida ile ile kwa milioni 1, uwiano ni 5. Mfugaji yeyote atauliza kwanza: huyu ana nini hata auzwe nusu bei?

Kwa Urusi jibu lilichelewa kuonekana. Kwa miaka mingi hisa za kampuni ya gesi ya Gazprom ziliuzwa kwa faida ya miaka 3 hadi 5 tu, na walionunua walijiona wajanja. Februari 2022 majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine, soko la Moscow lilifungwa kwa karibu mwezi mmoja. Lilipofunguliwa, wageni walizuiwa kuuza. Ng'ombe yupo, maziwa yapo, lakini funguo za zizi anazo mtu mwingine.

Bei kubwa nayo si dhamana. Novemba 2007 PetroChina iliingia soko la Shanghai kwa yuan 16.7 kwa hisa. Siku hiyo hiyo bei ilikaribia kufika mara tatu, ikawa kampuni ya kwanza duniani kuthaminiwa zaidi ya dola trilioni 1. Bei hiyo haijarudi tena.

Mfano wa karibu nasi ni Safaricom ya Nairobi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu waligombania, lakini ndani ya mwaka mmoja bei ilishuka chini ya shilingi 3. Agosti 2021 ilikuwa imepita 40. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi bilioni 68.7, ambayo kwa hisa zipatazo bilioni 40 ni kama shilingi 1.70 kwa hisa. Mnunuzi alikuwa analipia faida ya zaidi ya miaka 23!

Mwishoni mwa 2023 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 15. Faida ilikuwa imepungua, hasa kwa gharama za kuanza kazi Ethiopia, lakini si kwa theluthi mbili. Waliopungua zaidi ni wanunuzi. Marekani ilianza kupandisha riba mwaka 2022, wageni wakarudisha fedha kwao, na shilingi ya Kenya ikaanguka kutoka takriban 109 kwa dola hadi zaidi ya 150. Mgeni aliyenunua 2021 alipoteza kwenye hisa, kisha akapoteza tena kwenye kubadilisha fedha.

Riba ya nyumbani pia huvuta bei. Katikati ya 2024 dhamana za Serikali ya Kenya za siku 91 zililipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Shilingi 100 zinazozaa 16 ni sawa na uwiano wa 6 hivi. Nani basi angelipa 15 kwa hisa ya benki ambayo huenda isitoe gawio, kama haamini kwamba faida yake itakua haraka? India riba iko chini zaidi, na mamilioni ya wananchi huweka fedha kila mwezi katika mifuko ya uwekezaji, hivyo wageni wakiondoka mnunuzi bado yupo. Uwiano wa 6 Nairobi na wa 22 Mumbai unaweza kuwa bei ya haki kila mahali.

Katika masoko madogo kama Dar es Salaam na Kampala kuna jambo jingine. Bei unayoisoma gazetini inaweza kuwa ya hisa chache zilizouzwa siku kadhaa zilizopita. Kabla ya kulinganisha uwiano wowote, muulize dalali ni hisa ngapi za kampuni hiyo zilizobadilishana mikono mwezi uliopita, na kama ukitaka kuuza zako kabla ya msimu wa mbolea, itachukua siku ngapi.