Alama za watafiti zinapanda, majibu hayarudi Kindu

Ndugu mliokimbia vita mkafika hapa kwetu, leo nasema jambo linalouma.

Wangapi kati yenu mlishaketi mbele ya kijana mwenye karatasi ya maswali? Mlitoka kijiji gani, mlikimbia na watoto wangapi, chakula mnapata wapi. Mlijibu. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kabambare, ambaye sasa analala kwa jamaa kule Alunguli, aliniuliza maneno yake yalikwenda wapi.

Mama, yalikwenda kuongeza alama za mtu.

Katika vyuo vikuu vya dunia mtafiti anapimwa kwa hesabu: ameandika makala ngapi, na watafiti wengine wamemtaja mara ngapi. Kuna namba inayopendwa sana, iliyotolewa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Ukiwa na makala 10, na kila moja imetajwa angalau mara 10, namba yako ni 10. Wengi wanapewa vyeo na pesa za utafiti kwa kuangaliwa namba hiyo.

Hesabu hii ilianzia katika kazi ya maktaba. Eugene Garfield, Mmarekani aliyesomea kazi hiyo, alitoa mwaka 1964 orodha kubwa ya kuonyesha makala gani imetaja makala gani. Alitaka kumsaidia msomaji asipotee katikati ya maandishi mengi. Leo orodha hiyo imegeuzwa mizani ya kupimia watu.

Na mizani hiyo haituoni. Inahesabu zaidi majarida yaliyoandikishwa huko nje, mengi yake ya Kiingereza. Memwari ya mwanafunzi wa Kindu, iliyoandikwa kwa Kifaransa na kufungiwa kabatini, kwake ni sifuri. Mama wa Alunguli naye ni sifuri. Aliyetoa habari hahesabiwi, anahesabiwa aliyeibeba.

Wako watakaosema: bila kuhesabu, kila mvivu ataitwa profesa. Sikatai, kazi ipimwe. Najua pia kwamba majina ya walioona vita lazima yafichwe kwa usalama wao. Lakini kumfichia mtu jina si kumficha yeye majibu!

Tena si wazo langu peke yangu. S. R. Ranganathan, mtunza maktaba wa Madras huko India, aliandika sheria tano za maktaba mwaka 1931. Kiini chake ni kwamba kitabu kipo kwa ajili ya kutumiwa, na kazi ya maktaba ni kukifikisha kwa anayekihitaji. Basi nani anahitaji kitabu cha wahami wa Maniema kuliko wahami wenyewe, na wakubwa wa jimbo wanaopanga msaada wao?

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, kila anayepewa ruhusa ya kufanya utafiti Maniema aahidi kwa maandishi kuacha nakala hapa hapa. Pili, vyuo vyetu vitoe memwari kabatini, viandike orodha yake, na vimfungulie mlango msomaji yeyote, awe mwanafunzi au mchuuzi wa sokoni. Tatu, mtafiti akimaliza, aje redioni dakika kumi aseme kwa Kiswahili alichokikuta, na waliomjibu wapate nafasi ya kumsahihisha. Hapo ndipo tutajua kazi yake ina uzito gani.

Mpaka siku hiyo, ndugu zangu, akija mtu na karatasi ya maswali, mpokeeni vizuri, mpeni kiti na maji. Halafu, kabla hajafungua kalamu, mwulizeni ninyi kwanza: majibu yatarudi lini?