Mheshimiwa Waziri, Ipimeni Njia ya Mgonjwa wa Ras Mkumbi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakuandikia kutoka Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, penye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Vyombo vinavyopita huku vimeonyeshwa njia zaidi ya karne nzima. Mgonjwa bado.

Sisemi kwamba hatujajengewa. Zahanati zipo, hospitali ya wilaya ipo Kilindoni, na mfumo wa m-mama wenye namba 115 kwa wajawazito na watoto wachanga tunaushukuru. Swali langu ni jingine: nani anapima kama mgonjwa wa kawaida anaweza kuzipita ngazi zote hizo bila kupotea?

Chukua mfano wa mama wa Bweni, kijiji cha huku kwetu kaskazini, mwenye uvimbe kwenye titi. Zahanati inamtuma Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa. Huko anapewa rufaa ya kwenda Tumbi, Kibaha, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Pwani. Barua yenyewe ni karatasi moja, Kiingereza cha mkato, mwandiko wa haraka, muhuri juu ya sentensi ya mwisho. Haimwambii kliniki ni siku gani, aanzie dirisha lipi, wala kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambayo kaya yake imeilipia shilingi 30,000, inamfikisha mpaka kipimo kipi. Kivuko cha kwenda Nyamisati, upande wa bara, kinafuata maji kujaa na kupwa. Kliniki inafuata kalenda. Akishuka, apande gari hadi Mbagala, aipite Temeke yenye hospitali ya rufaa ya mkoa mwingine, alikate jiji la Dar es Salaam, ndipo aelekee Kibaha. Akifika siku siyo, ataambiwa, tena kwa upole, arudi wiki ijayo. Alale wapi?

Akikata tamaa akarudi kisiwani, hakuna atakayejua. Alikotoka ameshahesabiwa kuwa amepewa rufaa, kazi imekwisha. Alikokuwa anakwenda hakuandikishwa. Katika takwimu zenu, mama huyu hajapotea popote.

Jambo hili linapimika. Ulaya, watafiti wa mtandao wa M-POHL walitunga maswali 12 kwa ajili ya utafiti wao wa mwaka 2019 hadi 2021: ni rahisi kiasi gani kujua huduma ipi inakufaa, bima yako inalipia nini, haki zako ni zipi, na ufanye nini usipohudumiwa inavyostahili. Na huko kwenye treni na barabara za lami, wengi walijibu kuwa ni vigumu.

Naomba msiyatafsiri tu mkayaleta. Yetu yaulize pia nauli, kivuko, malazi, na nani atabaki na watoto. Aulizwe mgonjwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, na mtu asiye mtumishi wa kituo husika. Majibu yaingie kwenye ule mfumo wa kuvipa vituo nyota ulioanza mwaka 2015, maana kituo kinaweza kuwa na sakafu inayong'aa na mgonjwa asijue pa kukanyaga. Na alama ikiwa ndogo, tafadhali, isisomwe kwamba watu wa Mafia hawana elimu, wapelekewe semina. Ni alama ya ofisi zilizoandika barua ile.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itatuletea kadi mpya na masharti mapya. Kabla hazijagawiwa huku, watume maofisa wako waifuate rufaa moja kutoka Bweni hadi Kibaha, kwa nauli ya mgonjwa na bila gari la serikali. Na watakapoanza kuuliza maswali, waanze na wale waliorudi bila kumwona daktari. Kwenye rejista za hospitali hawatawakuta. Wamuulize mtendaji wa kijiji, anawajua.

Wasalaam,
Mkazi wa Ras Mkumbi